Diski Nne za Kompyuta Moja: Nilivyojifunza Kuchagua Hifadhi ya Sauti na Picha

Kompyuta ninayoifanyia kazi ya sauti na picha nyumbani ina diski nne ndani yake, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya kwanza kwa kasi miongoni mwa zinazouzwa. Nalisema hili mapema kwa sababu kulifikia kulinichukua miaka kadhaa na hasara moja ambayo bado inaniuma. Mwanzoni nilifanya kama wafanyavyo wengi: nilinunua diski moja kubwa, nikaichagua kwa kutazama namba ya kasi iliyochapwa kwenye boksi, kisha nikatia kila kitu humo, kuanzia mfumo endeshi hadi picha za miaka 10 na rekodi zote za muziki. Nilikuwa nauliza diski ipi ni bora. Nilipaswa kuuliza faili lipi litakaa wapi, na likiwa hapo litakuwa linafanya kazi gani.

Nianze na kurekodi, kwa kuwa ndiko nilikodhani kasi inahitajika kuliko kwingine kote, na ndiko nilikokosea zaidi. Sauti inayorekodiwa kwa biti 24 hutumia baiti 3 kwa kila sampuli, na kwa mzunguko wa sampuli 48,000 (yaani vipimo vya sauti) kwa sekunde, treki moja, yaani sauti ya maikrofoni moja, hudai baiti 144,000 kila sekunde. Ukiweka maikrofoni 16 mbele ya wanamuziki na kuzirekodi zote kwa pamoja, unaandika megabaiti 2.3 tu kwa sekunde. Hata ukipandisha hadi treki 32 kwa sampuli 96,000, hujafika megabaiti 10. Diski ya kuzunguka ya kawaida kabisa, ile yenye sahani za sumaku na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake, huandika zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde bila kutokwa jasho. Studio zilirekodi albamu nzima nzima kwenye diski za aina hiyo katika miaka ya 1990, wakati diski zenyewe zilikuwa dhaifu mno kuliko hizi za leo. Kwa hiyo mtu anayenunua diski ghali kwa ajili ya kurekodi sauti peke yake ananunua uwezo ambao rekodi zake hazitaugusa kamwe.

Mambo hubadilika pale unapopiga ala zilizorekodiwa. Piano nzuri ya kompyuta ni maelfu ya vipande vya sauti: kila kidole cha kinanda kimerekodiwa kikipigwa polepole, kwa wastani na kwa nguvu, mara nyingi kwa viwango vingi zaidi ya vitatu. Vipande hivyo vyote haviwezi kukaa kwenye kumbukumbu ya RAM, hivyo programu hupakia mwanzo tu wa kila kimoja, na kilichobaki hukisoma kutoka kwenye diski pale pale unapobonyeza. Ukiwa umeweka bafa (fungu la sauti linaloandaliwa kwa mkupuo mmoja) ya sampuli 128 kwa mzunguko wa 48,000, kompyuta ina milisekunde 2.7 za kukamilisha kila fungu la sauti. Sasa itazame diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 120 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, maana yake kwa wastani kichwa husubiri zaidi ya milisekunde 4 ili mahali panapotakiwa papite chini yake, na hapo hatujahesabu milisekunde 8 au 9 za kukihamisha kichwa chenyewe, kwa wastani, kutoka mahali hadi mahali pengine. Ule mwanzo wa sauti uliopakiwa kwenye RAM umewekwa hasa ili kuufunika usubirifu huo, lakini mpigaji anapokanyaga pedali na noti 40 zikawa zinalia kwa pamoja, kichwa kimoja hakiwezi kuwa mahali 40. Hapo ndipo husikika mikatiko na mipasuko. Diski ya flashi, yaani SSD, haina kichwa cha kuhamisha, na hujibu kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Nilipohamisha maktaba yangu ya ala kwenda kwenye SSD ya SATA, yaani inayounganishwa kwa njia ile ile ya diski za kuzunguka, ambayo ndiyo aina ya polepole kati ya SSD zote, mikatiko ilikwisha siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo nilishawishika kwamba SSD ya NVMe, inayopita kwenye njia za haraka za ubao mama ziitwazo PCIe, ingefanya maajabu zaidi. SATA ina kikomo cha gigabiti 6 kwa sekunde, na kwa matumizi halisi utapata kama megabaiti 550. NVMe inayopita kwenye njia nne za PCIe ya kizazi cha tatu hukaribia megabaiti 3,500, na ya kizazi cha nne hukaribia 7,000. Kwa hesabu hiyo ungetarajia piano ipakiwe mara 12 upesi zaidi, lakini haiwi hivyo. Namba ya kwenye boksi hupimwa kwa kusoma faili moja kubwa mfululizo, huku maombi mengi yakiwa yamepangwa foleni kwa wakati mmoja. Kazi zetu za kila siku ni vipande vidogo vilivyotawanyika, vinavyoombwa kimoja baada ya kingine, na hapo hata SSD nzuri ya NVMe hutoa makumi tu ya megabaiti kwa sekunde. Tofauti ipo na inasikika, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Siwakatazi watu kununua NVMe, maana mimi mwenyewe ninazo mbili. Ninachosema ni kwamba mwenye fedha za NVMe ya haraka kuliko zote angepata faida kubwa zaidi kwa kuchukua ya wastani, na salio akalinunulia diski ya nakala.

Kabla hujanunua yoyote, fungua kwanza kitabu cha maelezo cha ubao mama. Nafasi ya M.2, lile tundu jembamba la kuchomekea SSD kwenye ubao, ni umbo tu; nyingine hupokea NVMe, nyingine SATA, nyingine zote mbili, na kwenye mbao nyingi ukiijaza nafasi fulani ya M.2, soketi moja au mbili za SATA huzimwa.

Kwa upande wa picha, kamera ya megapikseli 24 inayorekodi biti 14 kwa kila pikseli hutoa data ya megabaiti 42 kabla ya kubanwa, na faili ghafi (RAW, yaani data ya kamera kabla ya kusindikwa) lililobanwa bila kupoteza chochote mara nyingi huwa kati ya megabaiti 25 na 30. Unaporudi na picha 1,000 una gigabaiti 30 za kuingiza, na hapo wengi hulaumu diski kwa kuchelewa. Lakini kadi ya SD ya daraja la UHS-I, kwa mujibu wa kiwango chake, ina kikomo cha megabaiti 104 kwa sekunde, hivyo kinachochelewesha ni kadi na kisomeo chake, na SSD ya megabaiti 7,000 itabaki inasubiri kama nyingine yoyote. Vivyo hivyo wakati wa kutoa picha zilizokamilika: kinachofanya kazi ni kichakataji, na diski iko karibu bure.

Mahali ambapo diski ya haraka humsaidia mpiga picha ni kwenye katalogi na vijipicha. Programu kama Lightroom Classic na digiKam huweka kumbukumbu za picha zote kwenye hifadhidata ya SQLite, na kando yake huweka maelfu ya vijipicha ili usisubiri kila unaposogeza orodha. Hayo ni mafaili madogo yaliyotawanyika, kama zile sauti za piano. Niliwahi kuwa na picha ghafi kwenye SSD na katalogi kwenye diski ya kuzunguka, nikidhani vizito ndivyo vinavyostahili kasi. Nilipovibadilishana nafasi, kupitia picha za siku nzima kukawa kazi nyepesi. Faili ghafi husomwa mara moja tu unapolifungua, lakini katalogi haipumziki.

Kuna jambo moja ambalo boksi halilisemi na ambalo ningependa kila mnunuzi alijue, nalo ni idadi ya biti zinazowekwa ndani ya seli moja ya flashi. Seli za TLC hubeba biti 3, hivyo ni lazima zitofautishe viwango 8 vya chaji ya umeme. Za QLC hubeba biti 4, na viwango vyake ni 16. Kadiri viwango vinavyosogeleana ndivyo uandishi unavyohitaji uangalifu, na uangalifu hutaka muda. Ili kulificha hilo, watengenezaji hutenga sehemu ya seli na kuziandika kwa biti moja tu kwanza, kwa haraka, kisha diski ikitulia huzikunja data hizo kwa msongamano wake halisi. Ukiandika kidogo hutaona chochote. Mimi nilikuwa nahamisha gigabaiti 600 za picha na vipindi vya kurekodi kwenda kwenye diski mpya ya QLC. Robo ya kwanza ilikwenda mbio, kisha kasi ikaporomoka hadi chini ya ile ya diski ya kuzunguka niliyokuwa naistaafisha. Nilidhani imeharibika. Haikuharibika hata kidogo, bali eneo lake la haraka lilikuwa limejaa, na eneo hilo hupungua zaidi kadiri diski yenyewe inavyojaa.

Tangu siku hiyo sinunui QLC kwa ajili ya kazi inayoandikwa kila siku. Hata hivyo sikuitupa, kwa sababu niligundua ina mahali pake panapoifaa sana, napo ni kwenye maktaba ya ala. Maktaba huandikwa mara moja, kisha husomwa miaka nenda miaka rudi, na katika kusoma QLC haina aibu. Diski ile ile niliyokuwa nataka kuirudisha dukani ndiyo inayobeba piano yangu leo.

Kuhusu hofu ya SSD kuchakaa kwa kuandikwa, sioni sababu ya kuipa nafasi kubwa. SSD nyingi za TLC za terabaiti 1 huahidiwa uandishi wa terabaiti 600. Anayeandika gigabaiti 50 kila siku bila kupumzika angehitaji zaidi ya miaka 30 kuzimaliza. Joto linanishughulisha zaidi. NVMe iliyobanwa chini ya kadi ya michoro hupunguza kasi yenyewe inapopata moto, na kipande cha alumini cha kutolea joto ni kitu kidogo mno cha kuacha kununua.

Kelele nayo ni sehemu ya uchaguzi, walau kwa sisi tunaorekodi katika chumba kile kile ilipo kompyuta. Diski ya kuzunguka hunguruma polepole na kugonga kila kichwa kinapohama, na mtikisiko wake hupita kwenye kasha, ukaingia kwenye meza, ukapanda kwenye stendi ya maikrofoni. Niliwahi kusikiliza rekodi ya sauti laini sana ya gitaa na kukuta mngurumo ulio sawa na ule wa diski; raba nne za kufungia zilipunguza sehemu kubwa. Dawa kamili ilikuwa kuhakikisha kwamba wakati wa kurekodi hakuna faili linaloitwa kutoka kwenye diski ya kuzunguka, ili mfumo uizime ikalala.

Hata hivyo diski za kuzunguka hazijaondoka nyumbani kwangu, na sidhani kama zitaondoka karibuni. Kwa kumbukumbu za muda mrefu bado hakuna kitu kinachobeba mengi kwa gharama ndogo kiasi hicho. Lakini hapa pia kuna mtego. Kuna diski zinazoandika mistari yake ya data kando kando, mtindo uitwao CMR, na kuna zinazoilaza mistari hiyo ikipandana kama vigae vya paa, mtindo uitwao SMR. Kupandana huongeza nafasi, ila ukitaka kubadilisha mstari mmoja ni lazima uandike upya na mistari iliyopandiana nao, kama fundi anayetaka kubadilisha kigae cha chini. Mwaka 2020 ilibainika kwamba watengenezaji wakubwa walikuwa wamewauzia watu diski za SMR bila kuwaeleza, nyingine zikiwa zimekusudiwa kwa hifadhi za mtandao za nyumbani, na waliozitumia katika RAID, yaani safu ya diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, walikuta kazi ya kuijenga upya safu baada ya diski moja kufa ikichukua muda usiovumilika, au ikikwama kabisa. Siku hizi karatasi za vipimo kwa kawaida husema wazi. Isome kabla ya kulipa, na ikiwa haisemi, tafuta diski nyingine.

Rafiki yangu mmoja mpiga picha alinishauri niziweke kumbukumbu zangu kwenye SSD za nje na kuzifungia kabatini, kwa kuwa hazina kitu kinachozunguka. Sikukubali. Flashi huhifadhi data kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya seli, na chaji huvuja. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kwa SSD za matumizi ya kawaida, ikiwa imeshamaliza kiasi chake chote cha kuandikwa, ni kuhifadhi data bila umeme kwa mwaka 1 katika nyuzijoto 30. Diski mpya isiyotumika sana itadumu zaidi ya hapo, lakini sitaki kumbukumbu ya miaka 20 itegemee kitu ambacho kipimo chake kinahesabiwa kwa mwaka mmoja.

Sasa nifike kwenye ile hasara. Mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa, na kabla hajafariki nilikuwa nimehamisha kaseti zake zote kwenye kompyuta na kumpiga picha nyingi akiwa ameshika gitaa lake. Baadaye nilinunua diski kubwa zaidi, nikanakili kila kitu, nikaona idadi ya mafaili ni sawa na ukubwa ni sawa, nikaifuta diski ya zamani ili niitumie kwa kazi nyingine. Miezi ikapita. Siku nilipotafuta picha moja niliyoipenda kuliko zote, ilifunguka hadi kifuani kwake, na kuanzia hapo kushuka chini yote ikawa kijivu kitupu. Nilipozipitia nyingine nikakuta kadhaa za namna hiyo, na kwenye rekodi mbili za kaseti mlikuwa na mipasuko ambayo haikuwako. Diski mpya niliipima ikawa nzima. Ya zamani pia ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni moduli moja ya RAM: data ilisomwa vizuri, ikapita mahali pabovu, ikageuzwa biti chache, kisha ikaandikwa kwa uaminifu wote ikiwa tayari imeharibika. Nilikuwa nimetumia wiki nzima nikilinganisha diski, na hakuna diski duniani ambayo ingeniokoa.

Tangu hapo sihesabu kunakili kuwa kumekamilika mpaka mafaili yalinganishwe kwa namba za uhakiki. Programu hulipitia kila faili na kutoa namba ndefu, kwa mfano ya SHA-256, ambayo hubadilika kabisa hata biti moja ikigeuka. Orodha ya namba hizo hukaa pamoja na mafaili. Mifumo ya mafaili kama ZFS na Btrfs huzihesabu yenyewe na kuzikagua kila data inaposomwa, na kwa mwenye subira ya kujifunza naipendekeza kwa moyo wote. Kwa wengine, miundo ya mafaili yenyewe inaweza kusaidia. Faili la FLAC, muundo unaobana sauti bila kupoteza chochote, hubeba ndani yake namba ya uhakiki ya MD5 ya sauti yake, hivyo unaweza kulipima miaka baadaye bila orodha yoyote, jambo ambalo faili la kawaida la WAV, lile lisilobanwa, haliwezi. Kwa sababu hiyo vipindi vyote vilivyokamilika navihifadhi kwa FLAC. DNG, muundo wa faili za picha ghafi, nayo ina uwezo kama huo.

Na diski zenyewe hufa. Kampuni ya Backblaze, inayoendesha diski kwa maelfu mengi na kuchapisha takwimu zake tangu 2013, imeripoti kwa miaka ya karibuni kwamba diski kama 1 au 2 kati ya kila 100 huharibika kwa mwaka. Namba hiyo ni ndogo mpaka iwe zamu yako. RAID hukuwezesha kuendelea na kazi diski moja inapokufa, lakini ukifuta folda kwa bahati mbaya, itaifuta kwenye diski zote kwa utiifu ule ule. Kanuni ninayoifuata ni ile iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumbani.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa leo uko hivi. NVMe ya TLC ya terabaiti 1 inabeba mfumo, programu na katalogi ya picha. NVMe nyingine ya TLC, ya terabaiti 2, inabeba kazi zinazoendelea tu, na najitahidi isijae zaidi ya robo tatu. Ile QLC ya SATA ina maktaba ya ala. Ya nne ni diski ya kuzunguka ya CMR ya terabaiti 8, ambako kila kazi huhamia ikishakamilika. Ukubwa huo sikuukisia: saa moja ya treki 16 kwa biti 24 na sampuli 48,000 ni gigabaiti 8.3, picha 20,000 kwa mwaka ni kama gigabaiti 600, nikajumlisha na kuzidisha kwa miaka mitano, kisha nikaongeza theluthi. Usishangae Windows ikikuonyesha 931 kwa diski ya terabaiti 1. Muuzaji huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Nje ya kompyuta zipo diski mbili zaidi za ukubwa ule ule wa terabaiti 8, kila moja kwenye kasha ambalo naweza kulifungua na kuitoa, kwa kuwa baadhi ya diski ndogo za mkononi zina tundu la USB lililojengwa kwenye bodi ya diski yenyewe, na tundu likivunjika huna njia rahisi ya kuifikia data. Moja hukaa kwangu, nyingine hukaa kwa dada yangu, na kila baada ya miezi miwili hubadilishana nafasi. Jioni ya kubadilisha huanza mapema, kwa sababu kukagua namba za terabaiti nzima nzima huchukua usiku kucha. Asubuhi naisoma ripoti hadi mstari wa mwisho, naifungua ile picha iliyobaki nusu na rekodi moja ya kaseti nikaisikiliza yote, naandika tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kasha, kisha naipeleka kwake.